Uzi: Wamama wa Lubumbashi na vumbi la viwanda, tunavyodai hewa na maji safi tukiwa na kaye (daftari) mkononi

MamaWaKampemba

Jambo yenu wote. Kwenye uzi mwingine humu kuna ndugu aliuliza kama hapa Lubumbashi kuna wenyeji wanaosimama kutetea afya ya mitaa inayozunguka viwanda vya shaba na kobalti, au ni watafiti tu wanaokuja kuchota udongo kwenye vichupa na kuondoka. Wenyeji wapo, na wengi wao ni wanawake. Mimi ni mmoja wao. Jibu langu lilikuwa refu mno kwa uzi ule, nikaona nilifungulie wake.

Kikundi chetu kilianza kama likelemba, mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Tulikuwa wamama wa barabara chache za Kampemba, mojawapo ya komini (wilaya za mji) za Lubumbashi: wauza mboga, washonaji, mwalimu, wake wa wafanyakazi wa kiwandani, mama mmoja mzee aliyekuwa mkunga. Kila mwenye zamu akipokea pesa, mwandishi wetu alikuwa anaandika kwenye kaye jina, kiasi, na pesa inaenda kufanya nini. Mabati, karo, mtaji wa biashara, harusi. Siku moja mwandishi alikaa akasoma ile kaye tangu mwanzo, akatuambia jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa amelihisi peke yake: wenye nyumba zilizo upande upepo unakoelekea kutoka kiwandani ndio waliokuwa wanatumia pesa ya zamu kwa dawa na hospitali, na ndio waliokuwa wanaomba mkopo katikati ya mzunguko. Wa upande wa pili walikuwa wananunua mabati.

Hiyo haikuwa sayansi. Ila ilitupa swali, na swali likitoka kwa watu wanaolala pale, wanaofagia pale na kupika pale, ni vigumu kulizima.

Kwa wasioujua mji huu: Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), ilizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na tanuri lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa lile tanuri la zamani ulikuwa unaangukia kaskazini-magharibi kwa miaka mingi sana. Nendeni Penga Penga, mtaa wa upande huo, mjionee. Kuna sehemu miti ilikataa, yakabaki majani machache yanayovumilia shaba kwenye udongo. Na hayo ni ya tanuri moja. Leo viwanda ni vingi, vingine vimepakana na nyumba za watu, ukuta kwa ukuta.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu zaidi ya 350 wa Katanga. Waliokuwa wanaishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha ndio waliokuwa na metali nyingi zaidi mwilini. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Raia wa kawaida, sikilizeni vizuri: mama wa nyumbani na mtoto wa shule, mtu ambaye hajawahi kuingia mgodini.

Mwalimu wetu alipotusomea hayo kwa Kiswahili, yule mama mkunga alisema, "Basi mwili wangu ni sehemu ya kiwanda, na hakuna anayenilipa." Tangu siku hiyo likelemba ikawa na kazi ya pili.

Naendelea chini, niacheni nimalize.

MamaWaKampemba

Kazi yenyewe tunaifanya hivi.

Kila barabara ina mama mmoja mwenye kaye. Anaandika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, harufu ikoje (ya kiberiti, ya asidi, ya kuungua), vumbi lililotua juu ya maji ya beseni lina rangi gani, maji ya kisima yakoje, malori yaliyopita bila turubai. Asipoona kitu anaandika kwamba hakuona kitu. Hilo tunalisisitiza sana, kwa sababu mkuu yeyote akifungua kaye na kukuta kila siku ni mbaya, ataifunga. Akikuta siku nzuri nazo zimeandikwa, anaanza kuamini zile mbaya.

Hatuandiki tunachokisia. Mama akisema "wametoa sumu usiku", tunamwuliza: uliona nini? Anajibu niliona moshi wa njano juu ya ukuta, nikasikia koo linawasha, watoto wakaamka wakikohoa. Hayo ndiyo yanayoingia.

Kila mwisho wa mwezi makaye yanakutana, mwalimu anayaweka kwenye ukurasa mmoja, na huo ukurasa unaambatana na barua. Barua inaandikwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, lakini kabla haijatoka inasomwa kwa Kiswahili mbele ya wote, neno kwa neno, na mama asiyejua kusoma ana haki ya kusema neno hili sikubali nalo. Inapelekwa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inarudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Hatutumi mtu mmoja, tunaenda kadhaa, mchana, tumevaa vizuri.

Tulichopata: ile barabara ya malori sasa inamwagiwa maji kiangazi, si kila siku, lakini inamwagiwa. Malori mengi yanafunikwa. Mfereji uliokuwa unapitisha maji ya rangi ya kutu nyuma ya shule umegeuzwa.

Ambacho hatujapata, na ndicho kinachotuuma: watoto kupimwa damu, na matokeo ya maji ya visima. Walikuja watu wa ofisi, wakachota, wakaandika namba kwenye chupa, wakaondoka. Mpaka leo tunaomba karatasi ya matokeo. Maji ni yetu na sisi ndio tunaokunywa, lakini matokeo yamekaa kwenye droo ya mtu mwingine.

MwanaMgodi_Lshi

Mama, heshima yako. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda, sitasema kipi. Nina watoto wanne na nyumba ya kupanga. Kelele hizi zikifika mbali, serikali inafunga kiwanda miezi kadhaa, na tunaokosa mshahara ni sisi, si wenye hisa. Mmefikiria hilo? Kuna wenzetu waliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mambo ya namna hii, na hakuna mama wa kikundi aliyewaletea gunia la unga.

MamaWaKampemba

@MwanaMgodi_Lshi mwanangu, tumefikiria, kwa sababu nusu ya meza zetu zinakula bukari (ugali) ya mshahara huo. Wake wa wafanyakazi wako ndani ya kikundi. Hakuna barua yetu hata moja iliyowahi kuomba kiwanda kifungwe. Tunaomba vichujio kwenye bomba la moshi, mabwawa ya maji ya asidi yawe na sakafu isiyopitisha, malori yafunikwe, barabara imwagiwe maji, na majirani wapimwe.

Kuna ombi lingine, na hili linakuhusu wewe kuliko mtu yeyote. Nguo zako za kazi zinafuliwa wapi? Kama ni nyumbani, kwenye beseni lile lile linalooshea mtoto, basi vumbi la kiwandani linaingia nyumbani kwako hata kama unaishi mbali na ukuta. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanyika hapa hapa Lubumbashi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Waliwalinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro, na kilichojitokeza kwa nguvu ni kazi ya baba kwenye madini. Kazi ya baba. Mjamzito alikuwa nyumbani. Utafiti mmoja haumalizi maneno, na waandishi wenyewe hawakusema kwamba wamethibitisha njia ambayo madhara hupitia. Lakini ukiwa na mke mwenye mimba, je, ungesubiri utafiti wa pili ndipo udai bafu na chumba cha kufulia kazini?

Tunachodai ni hicho: mfanyakazi aoge kazini, abadilishe kazini, nguo zifuliwe kazini. Kwa kampuni ya madini ni gharama ndogo sana, na kwa nyumba zetu ni kubwa. Lidai kwenye sendika (chama cha wafanyakazi) yako, nasi tutalidai kwa upande wetu.

MwanaMgodi_Lshi

Tunafua nyumbani. Mke wangu ndiye anayefua. Nitalipeleka kwa delege (mwakilishi) wetu, lakini jina langu lisitajwe popote.

Muuguzi_Katuba

Naomba niingie kama mtu wa kazi ya afya. Nawaunga mkono, na kwa sababu nawaunga mkono nataka kaye zenu zisivunjwe na daktari wa kampuni ndani ya dakika mbili.

Kikohozi si kipimo cha metali. Mtoto anaweza kukohoa kwa moshi wa mbabula (jiko la makaa) ndani ya chumba kisicho na dirisha, au kwa kifua kikuu, au mafua. Na upande wa pili, mtoto mwenye risasi (ile metali, plumbi) nyingi kwenye damu anaweza asiwe na dalili yoyote ya kuonekana. Anapungukiwa damu kidogo, tumbo linamsumbua, darasani anachelewa kushika, mwalimu anasema ni mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na wadogo ndio wanaotambaa sakafuni na kuweka mikono mdomoni. Kwa mwenye mimba, risasi iliyojificha kwenye mifupa yake tangu zamani inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo andikeni dalili, sawa, lakini msiandike ugonjwa. Andikeni "amekohoa usiku", msiandike "ana sumu ya kobalti". Nguvu ya kaye yenu ni kuonyesha wapi na lini, ili mdai kipimo. Kipimo ndicho kitakachosema ni nini.

Nyumbani, wakati mnasubiri: msifagie kavu, nyunyizeni maji kwanza au mpanguse kwa kitambaa kibichi. Viatu vibaki mlangoni. Mikono ioshwe kabla ya kula, kucha zikatwe. Mtoto asikae na njaa, na apate chuma na kalsiamu, kwa sababu mwili usio na vitu hivyo hufyonza risasi zaidi. Ndagala (dagaa) wanaoliwa na mifupa yao, maharage, maziwa kama yanapatikana. Na wajawazito, naomba sana, pemba, ule udongo mnaonunua sokoni na kutafuna, unaweza kuwa na risasi ndani yake. Acheni.

MamaWaKampemba

Aksanti sana muuguzi. Hilo la kuandika dalili bila kutaja ugonjwa nitalisoma kwenye mkutano kama ulivyoliandika.

Naongeza jambo moja kwa uchungu kidogo. Kila semina tunayoitiwa inafundisha kunawa mikono. Tunanawa, na tunafundisha wengine kunawa. Lakini mara nyingi tukifika kwenye ofisi kudai, jibu ni "wamama, waelimisheni wenzenu usafi". Kana kwamba vumbi limetoka kwenye ufagio wangu. Mimi nitapangusa sakafu yangu kila asubuhi, sitaki kusifiwa kwa hilo. Aliyelitoa vumbi naye afanye sehemu yake.

KijanaKamalondo

Mama, swali la adabu tu. Kwa nini wanaume hawamo? Ukiwa na mababa kwenye ujumbe si mtasikilizwa zaidi?

MamaWaKampemba

Wamo mwanangu. Wanabeba viti, wanatengeneza picha za simu, kuna baba mmoja fundi wa pampu ambaye anatueleza kina cha visima. Lakini mwenyekiti ni mama, na sahihi za barua ni za wamama, kwa sababu mbili.

Kwanza, mchana sisi ndio tuko pale. Anayejua kwamba saa tisa alasiri harufu hubadilika ni aliyekuwa anaanika nguo saa tisa alasiri.

Pili, na hii tuliiona kwa macho: baba akienda kwenye ofisi ya kampuni, swali la kwanza ni "wewe unafanya kazi wapi?" Hapo hapo ulimi unakuwa mzito, kwa sababu yeye, au kaka yake, au mkwe wake, anategemea kandarasi ya pale. Mama muuza lengalenga (mchicha) hawezi kuachishwa kazi na kampuni. Kwa hilo yuko huru kuliko wao.

Sheria_Mtaani

Salamu kwenu. Mimi si wakili wa mahakamani, nafanya kazi ya msaada wa sheria, na nimewasaidia wakazi wa mitaa miwili kuandika barua kama hizi. Wamama wengi wanaandika kama watu wanaoomba hisani. Msiandike hivyo. Wekeni vifungu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 53: kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Yaani mama anayeandika kwenye kaye anatimiza wajibu wa kikatiba, wala si mchochezi. Kifungu hicho hicho kinaipa Serikali kazi ya kulinda mazingira na afya ya watu.

Kifungu cha 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa au kuonewa kwa sababu ya ombi hilo. Ndiyo maana muhuri wa tarehe ni muhimu, kwani bila tarehe hiyo miezi 3 haihesabiki.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira inataka mradi wenye madhara ufanyiwe uchunguzi wa athari kabla haujaanza, na wananchi wasikilizwe. Ulizeni uchunguzi huo uko wapi na nani alisikilizwa mtaani kwenu.

Halafu Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa Machi 2018. Kifungu cha 285 bis kinamfanya mwenye haki ya madini awajibike kwa madhara ya shughuli zake kwa watu, mali na mazingira hata kama hakufanya uzembe. Hamtakiwi kuthibitisha kwamba alikuwa na nia mbaya. Mnatakiwa kuonyesha madhara, na kwamba yametoka kwake. Hapo ndipo kaye, picha na vipimo vinapofanya kazi.

Kuna pesa pia. Kanuni hiyo inataka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoathirika. Pia iandike pamoja na jamii makubaliano ya kile itakachofanya, ile cahier des charges. Na katika mrabaha wa madini, asilimia 15 inakwenda kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa. Wamama, ulizeni: cahier des charges ya jirani yenu ilisainiwa na nani? Kuna mwanamke aliyekaa kwenye meza hiyo? Kisima na maabara vimo, au ni uwanja wa mpira na jukwaa la sherehe?

MamaWaKampemba

Hilo la mwisho tumeliuliza, na ndiyo mara ya kwanza niliona mtu wa ofisi akifungua faili mbele yetu badala ya kuahidi. Majina yaliyosaini tuliyasoma. Hakukuwa na mama hata mmoja. Sasa tunadai marekebisho yajayo yasifanyike bila sisi.

Yaya_Lengalenga

Jambo yenu. Mimi nalima kandokando ya mto, upande wa Naviundu, nauza lengalenga na matembele kwenye soko la komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nimesoma yote haya tangu juu na moyo unanipiga. Mama, mkianza kusema mboga zina sumu, mimi nitauza nini? Watu wa chuo walishakuja shambani wakachukua majani. Walikuwa na adabu. Lakini baada ya hapo mteja mmoja akaniuliza kama mboga zangu ndizo zile za redioni. Siku hiyo nilirudi na fungu zima. Maji ya mto sikuyachafua mimi, lakini hasara ni yangu.

MamaWaKampemba

Yaya, nimekaa na ujumbe wako kabla ya kujibu, kwa sababu hili ndilo lililotugawa kuliko yote.

Ukweli hatuwezi kuuficha. Watafiti wa chuo chetu wamepima mboga za majani zinazouzwa kwenye masoko ya hapa na kukuta metali juu ya viwango vinavyokubalika, na kwenye mito Naviundu na Kafubu metali zimekutwa ndani ya maji na ndani ya tope. Sisi wenyewe tunakula mboga hizo. Siwezi kumwambia mama mwenye mimba ale tu asijali.

Ila kuna namna mbili za kusema ukweli huo. Moja inamnyooshea kidole muuza mboga. Nyingine inamnyooshea aliyemwaga maji mtoni. Kwenye kikundi tulikubaliana kwamba hatutaji shamba la mtu wala jina la muuzaji, wala hatupigi picha meza ya mtu sokoni. Tunataja mto, mahali mfereji unapoingia, tarehe na rangi. Na katika kila barua, wakulima wa kandokando ya mto wanatajwa kama watu walioathirika, wenye haki ya kulipwa fidia na kupewa maji mengine ya kumwagilia. Kilio chako ni sehemu ya madai yetu, si kikwazo chake. Njoo kwenye mkutano, tafadhali, hata kwa kugombana nasi.

Kwa shamba lenyewe, wataalamu wa kilimo wametuambia haya. Majani hubeba metali zaidi kuliko matunda na mbegu, kwa hiyo kwenye kipande kilicho karibu zaidi na mfereji ni afadhali mahindi, maharage, nyanya au bamia, na lengalenga ihamie mbali. Chokaa na mboji vikichanganywa na udongo huzuia metali nyingi zisipande kwenye mmea. Chuo walijaribu dawa hiyo hata kwenye udongo mgumu wa Penga Penga ili majani yaote tena. Kuosha mboga kwa maji safi mara mbili tatu kunaondoa vumbi lililotua juu, na hilo si dogo, lakini hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Chokaa inagharimu. Na hapo tunarudi kwenye ile asilimia 0.3.

Yaya_Lengalenga

Nitakuja. Tuko wengi kando ya mto, nitakuja nao.

MwanaBukavu

Nawasoma kutoka Bukavu. Kwetu adui ni plastiki. Takataka za mji zinashuka na mvua mpaka ziwani, halafu zinakwenda kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi na umeme unakatika. Huku pia wanaoingia kwenye mifereji kuzoa ni wamama na vijana. Nilichojifunza kwenu ni kaye. Sisi tunazoa, tunapiga picha, tunarudi nyumbani, hatuandiki takataka ilitoka wapi. Tukiandika mtaa kwa mtaa nani hana mahali pa kutupa, komini haitasema tena ni tabia mbaya ya raia.

MwanaGeita

Salamu toka Tanzania. Kwetu wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki, na kina mama ndio wengi kwenye kusaga na kuosha. Hiyo hoja ya nguo za kazi kufuliwa nyumbani imenigusa, maana huku zebaki huchomwa hata uani, karibu na jiko. Swali: mnawezaje kulinda majina ya wanaoandika? Huku mtu akijulikana tu, anaitwa na mwenye mashimo.

MamaWaKampemba

@MwanaGeita kaye hazina majina ya watu, zina namba ya barabara. Anayeshika orodha ya namba ni mmoja tu. Barua inatoka kwa jina la kikundi, na kwenye ujumbe hatupeleki watu wale wale kila mara. Nakala moja ya kila kitu inakaa nje ya mtaa, kwenye parokia, na nyingine kwa watu wa haki za binadamu hapa mjini. Picha tunapiga tukiwa barabarani, haturuki ukuta wa mtu. Na kabla ya kwenda ofisi yoyote, shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) anajua kwamba tunaenda. Si kwamba atatusaidia siku zote, lakini hawezi kusema alishtukizwa.

DadaRuashi

Mama, nimekusoma kwa utulivu wote. Sisi Ruashi tuna shida hiyo hiyo, hasa maji ya kisima, mengine yana ladha ya chuma mpaka chai inageuka rangi. Tuko wanawake kama kumi na kitu wa kwaya moja. Hatuna pesa wala mwanasheria. Tuanzie wapi?

MamaWaKampemba

Mwanangu, kwaya inatosha. Mnajuana, mnakutana kila wiki, na hakuna atakayeuliza kwa nini mmekusanyika.

Msianze na barua. Anzeni na visima. Tembeeni mtaa mzima mchore ramani kwa mkono: kila kisima kiko wapi, kina kina gani, nani anakunywa humo, nani anafulia tu. Ladha ya chuma na rangi kwenye chai inaweza kuwa chuma cha kawaida cha udongo, ambacho hakipendezi lakini si risasi. Inaweza kuwa jambo lingine. Macho na ulimi haviwezi kutenganisha, kwa hiyo msitangaze chochote. Ramani ikiwa tayari, andikeni kwa mkuu wa komini na kwa ofisi ya eneo la afya, mwombe visima hivyo vipimwe metali, na kwenye barua iandikwe waziwazi kwamba mnataka nakala ya matokeo. Mimi nitakutumia mfano wa barua, na @Sheria_Mtaani akikubali ataipitia.

Ombeni kipimo kifanyike mara mbili, sasa maji yakiwa chini na tena katikati ya mvua, kwa sababu mvua hushusha vitu kutoka kwenye malundo mpaka visimani, na kipimo cha msimu mmoja mtaambiwa hakitoshi.

Na vumbi msilisahau. Septemba hii ndiyo ya kuandika vumbi. Mvua ikishanyesha mabati yote yatakuwa safi, atakuja mtu na gari nyeupe, ataangalia juu, atasema haoni kitu. Mkiwa na kaye ya kiangazi mtamfungulia.

Sheria_Mtaani

Nitaipitia, dada. Itume kabla hujaenda kutafuta muhuri.

DadaRuashi

Jumamosi baada ya mazoezi tunaanza na barabara mbili za karibu na kanisa. Kuna mama mmoja kati yetu anajua kupima kina kwa kamba, alikuwa akimsaidia mumewe kuchimba visima. Mama, na zile nyumba zinazonunua maji ya jirani kwa bidoni (dumu), nazo tuziandike kwenye kisima hicho au peke yake?

MamaWaKampemba

Ziandike kwenye kisima wanakonunua, na idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano katika kila nyumba. Hiyo ndiyo namba watakayoiuliza kwanza.